Jiwe la Likasi chini ya kitanda, na safari ya kwenda kuona mawe ya makumbusho

*"Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni familia ya kutoka Likasi, Katanga, na huu ni mwaka wetu wa nne hapa Springfield, Massachusetts. Mwanangu ana miaka 11 na hana anachopenda kama mawe. Mwezi ujao darasa lao linapelekwa kwenye makumbusho ya viumbe na mawe ya Chuo cha Amherst. Shemeji yangu anasema nisitie saini karatasi ya ruhusa, kwa sababu makumbusho ya vyuo huweka mawe ya urani, hata ya kwetu Shinkolobwe, na mtoto akisimama karibu nayo atarudi na mionzi atuambukize nyumbani, nami nina mtoto mchanga wa miezi saba. Tuna sahani na moyo wa kuchongwa, vyote vya malakiti, lile jiwe la kijani, kutoka Kolwezi. Anasema na hivyo nivitupe kwa kuwa ni vya kijani. Tena mtoto anataka kubeba mawe ya marehemu babu yake akamuulize mtu wa makumbusho majina yake. Yako matatu, kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chetu. Mawili ni ya kijani. La tatu ni jeusi, dogo kuliko ngumi lakini zito ajabu, na lina magamba ya manjano na ya rangi ya chungwa. Baba alifanya kazi migodini miaka mingi. Shemeji amelifunga kwa karatasi ya alumini na anatushauri tunywe maziwa kila siku. Nifanye nini?"*

Dada yangu, tia saini hiyo karatasi, mtoto aende. Lakini kopo litoke chini ya kitanda leo, kabla hujalala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama ulivyoiandika, makumbusho mbele na kopo mwishoni. Mara ya pili nikaanzia mwisho, na ndivyo nitakavyokujibu. Shemeji yako si mjinga. Ameogopa kitu cha kuogopwa, ila amekitafuta Amherst wakati huenda kimelala chini ya godoro lenu.

Jiwe jeusi, zito kuliko umbo lake, lenye magamba ya manjano na chungwa, lililotoka kwa mtu wa migodi ya Likasi. Macho peke yake hayatoshi kulihukumu, achilia mbali barua. Yako madini ya chuma yaliyoshika kutu yenye sura hiyo, na hata madini ya kobalti ya kwenu ni meusi. Ila mwanajiolojia yeyote akisikia maneno hayo kwa mpigo atawaza uraninaiti kabla ya kitu kingine. Hayo ndiyo madini mama ya urani: meusi, mazito, na yakipigwa na maji na hewa kwa muda mrefu huota magamba ya manjano, ya chungwa na ya kijani. Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi, na magamba ya aina hiyo yalitoka pale mengi na mazuri kiasi kwamba wataalamu waliyapa majina ya watu wao wakubwa: kyuriti kwa heshima ya Pierre Curie, skłodowskiti kwa jina la ukoo wa mkewe Marie, bekereliti kwa Henri Becquerel. Kwa hiyo mpaka kifaa kiseme vinginevyo, lichukulieni jiwe hilo kuwa ni la urani.

Fanya hivi. Fungua dirisha la chumba, watoto watoke. Usilifungue kopo kuangalia kilichomo. Vaa glavu za kuoshea vyombo, litie kopo zima kwenye mfuko mzito wa plastiki, ufunge, kisha uutie kwenye mfuko wa pili. Lipeleke mahali ambapo hakuna mtu anayelala wala kukaa: gereji, banda la nje, stoo iliyojitenga na nyumba. Kama mnakaa ghorofani na hamna stoo, basi liwe kwenye kabati lililo mbali kabisa na vitanda, na simu nitakayoitaja ipigwe siku hiyohiyo. Pale lilipokuwa pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji. Usifagie, wala usipitishe mashine ya kuvuta vumbi, maana hiyo huyachukua mavumbi ya sakafuni na kuyapuliza hewani, na hewani ndipo tusipoyataka. Kitambaa nacho kitie mfukoni pamoja na glavu, nawa mikono kwa sabuni, basi.

Simu unapiga Idara ya Afya ya Umma ya jimbo la Massachusetts, kwenye kitengo chao cha kudhibiti mionzi. Sema sentensi moja tu: tumerithi jiwe la asili kutoka mgodini, huenda ni la urani, tunaomba lipimwe na tushauriwe la kulifanya. Kiingereza kikikukwama omba mkalimani wa Kiswahili. Kuomba mkalimani ni haki yako, si fadhila. Najua pia hofu nyingine ambayo hukuiandika, ile ya mgeni kupigia ofisi ya serikali akasema neno "urani". Sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni mtu mwenye jiwe la urani lililo katika hali yake ya asili, ambalo hajalisafisha wala kulichakata. Ila msilitupe kwenye taka za mtaani, msilitume kwa posta, wala msijaribu kuliuza mtandaoni. Wala usidhani ninyi ni wa kwanza kuuliza swali kama hilo.

Sasa nikueleze kinachofanyika ndani ya jiwe, kwa sababu ukikielewa hutamhitaji shemeji wala mimi.

Atomu ya urani haikutulia. Baada ya muda hurusha kipande chake na kugeuka kuwa kitu kingine, hicho nacho hugeuka, na baada ya hatua 14 hivi safari inaishia kwenye risasi, si ya bunduki bali ile metali ya kijivu iitwayo "lead" kwa Kiingereza, ambayo imetulia. Katika kila hatua kuna kinachorushwa nje, na hicho ndicho tunachokiita mionzi. Urani ina haraka ndogo mno: inahitaji miaka bilioni 4.5 ili nusu yake iishe. Kwa hiyo ile faraja ya kusema "jiwe lenyewe la zamani, limeshapoa" ifute kabisa. Jiwe lililochimbwa baba yako akiwa kijana lina nguvu ileile leo.

Mionzi inayotoka ni ya aina tatu, na tabia zake hazifanani hata kidogo. Alfa ni dhaifu wa mwendo: karatasi moja ya daftari inaizuia, hata ile ngozi iliyokufa juu ya kiganja chako inaizuia. Lakini vumbi lenye alfa likiingia kifuani au tumboni, ambako hakuna ngozi iliyokufa ya kukinga, alfa ndiyo mbaya kuliko zote. Beta hupenya kidogo, milimita chache za mwili. Gama ndiyo mtembezi: inapita bati la kopo, inapita godoro, inapita na aliyelala juu yake. Karatasi ya alumini ya shemeji kwa gama ni chandarua mbele ya moshi.

Kinachoipunguza gama kwa mtu wa kawaida ni umbali na muda. Kaa karibu na jiko la mkaa unaungua; rudi hatua kadhaa unalisahau. Umbali ukiwa mara mbili, kinachokufikia kinabaki robo. Ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa. Halafu hesabu muda: anayepita mbele ya kabati la makumbusho anasimama dakika mbili, akikaa sana tano. Ninyi mmelilalia jiwe, kama ndilo, kwa umbali wa dhiraa moja, saa nane kila usiku.

Kuna jambo la nne, na hili ndilo linalonifanya niseme leo badala ya wiki ijayo. Katikati ya zile hatua 14 kuna hatua moja inayozaa gesi, radoni. Haina rangi wala harufu. Mfuniko wa kopo la maziwa hauzuii gesi, hivyo inavuja polepole chumbani, na dirisha la majira ya baridi la Massachusetts halifunguliwi miezi mitano. Radoni yenyewe haidumu, nusu yake huisha kwa siku nne pungufu kidogo, lakini jiwe linatengeneza nyingine bila kuchoka. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira linaitaja radoni kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu nchini humo baada ya sigara. Kwa sababu hiyo, hata baada ya jiwe kuondoka, nunua kipimo cha radoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni kijikopo unachokiacha chumbani siku chache kisha unakipeleka maabara. Kiwango ambacho shirika hilo linasema nyumba irekebishwe ni bekereli 148 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Karatasi ya majibu itaandika pikokyuri 4 kwa lita, ni kitu kilekile. Nakushauri upime hata kama jiwe litagundulika ni kutu tupu. Sehemu nyingi za kaskazini mashariki ya Marekani zimekaa juu ya matale, yaani graniti, nayo hutoa radoni kupitia vyumba vya chini vya nyumba bila kumwomba mtu ruhusa.

Ule wasiwasi wa kuambukizana ndio uliokunyima usingizi, nimeuona. Mionzi haiambukizi. Aliyesimama mbele ya jiwe la urani ni sawa na aliyesimama juani: akiingia ndani, jua linabaki nje. Mwanao hawezi kurudi na mionzi ya Amherst na kumpa mdogo wake. Kinachobebeka ni vumbi. Vumbi linakaa kwenye vidole, kwenye mikunjo ya nguo, chini ya kucha, kisha linaenda mdomoni na mkate. Ndiyo maana jiwe lililo nyuma ya kioo, ambalo hakuna anayeligusa, lina hatari ndogo mno, na jiwe linalochezewa na mtoto kitandani lina hatari, hata likiwa dogo.

Na maziwa? Imani hiyo nimeikuta migodini kuanzia Geita hadi kwenu. Ukivuta vumbi, kunywa maziwa. Ukichomelea, maziwa. Maziwa hayafuati mionzi mwilini wala hayasafishi mapafu. Wape watoto maziwa kwa kuwa ni chakula.

Usinione najifanya msafi. Nikiwa mwalimu msaidizi kwenye idara moja ya jiolojia, meza yangu ilikuwa na droo tatu, na ile ya chini ilijaa sampuli za kufundishia. Nilikaa pale karibu mwaka mzima, magoti yangu yakiigusa. Siku moja akaja mgeni na kipima mionzi, akakiwasha kwa mzaha ili wanafunzi wasikie mlio. Mlio ukaanza taratibu, tik, tik. Alipopita kwenye meza yangu ukawa kama mahindi yakikaangwa bila kifuniko. Ndani ya droo mlikuwa na kipande cha uraninaiti kisichozidi yai la kuku, lebo yake imebanduka miaka na miaka, tumekuwa tukikitoa na kukiita "lile jeusi zito". Hakuna aliyeugua, na hesabu tuliyofanya baadaye ilikuwa ndogo kuliko hofu yetu. Lakini tangu siku hiyo nikiona jiwe jeusi zito lisilo na lebo, siliweki mapajani.

Kuhusu afya zenu: kama hakuna aliyelilamba jiwe, kulisaga, kulivunja wala kulichezea mara kwa mara, hakuna sababu ya kukimbilia hospitali usiku huu. Mweleze daktari wa watoto katika miadi inayofuata, na umwonyeshe majibu ya kipimo yakipatikana. Hali inabadilika kama mtoto alikuwa akilifungua kopo, akikwangua yale magamba ya manjano kwa kucha, akaenda kula. Muulize kwa upole, asiogope kusema kweli. Jibu likiwa ndiyo, piga simu ya kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222, inapokelewa saa 24, na umwone daktari siku hiyo au kesho yake. Urani iliyomezwa, mbali na mionzi yake, ni metali nzito inayoumiza figo kama risasi inavyoumiza ubongo, na kipimo cha mkojo kinaweza kuionyesha. Mtoto wako mchanga, kama kazi yake ilikuwa kulala tu chumbani, nina wasiwasi wa radoni kuliko wa kitu kingine, na kwa hilo dawa ni kuondoa chanzo na kupitisha hewa.

Basi malakiti. Usitupe! Sahani na moyo wa Kolwezi ni shaba iliyoungana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Ile kijani ni ya shaba, kama kijani inayoota kwenye bomba la shaba lililozeeka. Haina mionzi. Wazee wa Katanga waliyeyusha malakiti kupata shaba ya ile misalaba iliyokuwa fedha yao kabla ya Mzungu kufika, na Msiri, aliyetoka Unyamwezi akatawala ufalme wa Garenganze hukohuko Katanga, aliiuza shaba hiyo hadi pwani. Ilinde tu na mambo mawili. Isikatwe wala kusuguliwa msasa nyumbani, kwa sababu vumbi la shaba ni sumu kwa mapafu. Na sahani isitumike kwa chakula, hasa kachumbari, ndimu au siki: asidi hula malakiti, utaona vipovu vidogo, na shaba inaingia kwenye chakula chako. Karanga kavu zenye maganda, sawa. Picha ya harusi juu yake, sawa zaidi.

Lakini rangi isikupoteze upande wa pili pia. Yapo madini ya urani ya kijani: toberniti inayotoka kama vigae vidogo bapa vya kijani ya zumaridi, na ile ya kwenu, kuproskłodowskiti, yenye sindano nyembamba kama manyoya. Malakiti mara nyingi ina mistari ya duara, kijani iliyokolea ikizunguka iliyopauka, kama mti uliokatwa. Mawe mawili ya kijani ya babu huenda ni malakiti. Hata hivyo yamekaa kopo moja na lile jeusi na vumbi lake, kwa hiyo kifaa kipite juu ya yote matatu kabla mtoto hajayashika tena.

Nikiongezea, kwa sababu mtoto atakuuliza: makumbusho mengi yana kona ya giza yenye taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, ambapo mawe hung'aa manjano, mekundu na kijani. Kung'aa huko si mionzi ya urani. Kalsaiti ya kawaida hung'aa, fluoriti hung'aa, na uraninaiti yenyewe, baba wa vita vyote, hukaa palepale mweusi kama mkaa.

Sasa safari. Makusanyo makubwa ya madini ya Ulaya na Marekani hayakosi jiwe la Katanga, na makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yana shehena yake. Yenye urani huwekwa vipande vidogo, nyuma ya vioo, na yaliyobaki hufungiwa kwenye stoo zenye kupitisha hewa. Mliporuka juu ya bahari kuja Marekani, ile ndege ilimpa mtoto mionzi mingi kuliko atakayoipata kwa kusimama dakika chache mbele ya kabati kama hilo, maana kule juu hewa ni nyembamba na mionzi ya angani haizuiliki vizuri. Hukumkataza kupanda ndege.

Iwapo siku moja, hapo au kwingine, atakutana na lebo iliyoandikwa "Congo Belge", usipite haraka. Mwambie kwamba mgodi wa Shinkolobwe ulijulikana kwa Wabelgiji mwaka 1915, kwamba mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni iliyoumiliki, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani elfu moja za madini yake zipelekwe New York, na kwamba sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilitoka kwenye ardhi aliyozaliwa mwanao. Sengier ana madini yenye jina lake, sengieriti, ya kijani, ilipatikana Luiswishi karibu na Lubumbashi. Waliobeba mawe hayo kwa magunia hawana. Nadhani mtoto wa miaka 11 anaweza kulibeba hilo. Wa kwangu alilibeba.

Makumbusho ya Amherst yanaitwa Beneski, kuingia ni bure, hivyo mkipenda mnaweza kurudi kama familia. Hakikisheni tu siku na saa za kufungua kabla ya kutoka. Mwambie asijaribu kuona kila kabati. Kosa la watoto wanaopenda mawe ni kukimbia kutoka kioo hadi kioo wakitafuta la kumetameta. Achague matano, asimame. Kwanza ajue tofauti ya mwamba na madini: mwamba ni pilau, madini ni mchele, nyama, bizari na mdalasini. Akiangalia kipande cha graniti ajaribu kuutambua mchele. Ile ya waridi au nyeupe yenye nyuso tambarare ni felspa, ile kama kioo cha chupa kilichovunjika ni kwatsi, vile vyeusi vinavyobanduka kama magamba ya samaki ni mika. Halafu atafute galena na pairiti popote zilipo. Zote hupenda kutoka kama dadu, lakini galena ni ya kijivu kama risasi kwa kuwa ndiyo mama wa risasi, na pairiti ni ya manjano inayodanganya watu kuwa ni dhahabu. Ajiulize nani aliikata dadu hiyo. Jibu ni kwamba hakuna. Atomu zimejipanga kwa safu mraba ndani, nazo zimejitokeza nje vilevile. Nikiwaona wanafunzi wanasimama hapo kimya, najua somo limeingia bila mimi.

Na asiondoke bila kuona nyayo. Hapo ndipo sifa ya Amherst ilipo: mkusanyiko wa nyayo za dinosaria katika mawe ya bonde la mto Connecticut, hilohilo mnaloishi, uliokusanywa na Edward Hitchcock, aliyefundisha chuoni hapo na kuwa rais wake kuanzia 1845 hadi 1854. Kwa kuwa nyingi zina vidole vitatu, Hitchcock aliamini ni za ndege wakubwa wa kale. Watu wakamcheka baadaye. Leo tunajua ndege ni kizazi cha dinosaria, na mzee wa watu hakuwa mbali na ukweli kama walivyodhani waliomcheka.

Mawe ya babu yasiingie kwenye begi la shule, hata yale ya kijani, mpaka yapimwe. Badala yake aende na picha. Yakishapimwa na kuonekana salama, mawili ya kijani mtayapiga picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, kila upande picha moja. Mwandikie msimamizi wa makusanyo barua pepe wiki moja kabla, umwombe dakika tano za mtoto, badala ya kumvamia akiwa na watoto thelathini. Watu wa kazi hiyo hupenda kuulizwa. Kinachowachosha ni jiwe kutolewa mfukoni ghafla, hasa jeusi na zito.

Na leo jioni, kopo likiwa limeshatoka, mpigie mama yako au ndugu aliyebaki Likasi. Muulize baba alifanya kazi mgodi upi, miaka ipi, na mawe yale aliyaleta nyumbani lini. Andikeni kwa kalamu, kila jiwe karatasi yake: mahali lilipotoka, mwaka hata wa kukisia, na jina la babu kwa ukamilifu. Jiwe lisilo na karatasi hiyo halina thamani kubwa makumbusho, hata liwe zuri vipi. La jeusi nalo liandikieni, hata kama watu wa jimbo watakuja kulichukua.